Mama Ndege

Makongeni mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Kuna Mama Dishon, kuna Mama Mutheu, kuna Mama Pacha. Kathini, mke wa Muoki, hakuwa na mtoto, na watu wa mtaa ule hawamwachi mtu bila jina, basi wakamwita Mama Ndege. Walikuwa wakimwita hivyo dukani, wakimwita hivyo mferejini, halafu wakimuuliza kwa sauti tamu hali ya wanawe. "Mama Ndege, watoto wameamkaje?" Naye hujibu wazima, kwa sababu ungejibu nini wewe? Ungemwaga ndoo ya maji uanze vita kila asubuhi?

Ndege wenyewe walikuwa chiriku wa manjano, wale wa Kizungu, ambao wanaojifanya wajuaji huwaita kanari. Ukoo mzima wa Muoki ulikuwa na wazimu wa ndege. Marehemu baba yake aliachiwa jozi ya kwanza na stesheni masta mmoja Mhindi aliyekuwa akihama nchi, na tangu hapo hakuna mtu wa nyumba ile aliyejua usingizi wa kimya. Mama yake, Ndeti, alipokuja mjini kutoka Machakos hakuleta maembe kama mama wa watu wengine. Alileta gunia la mawele ya ndege. Muoki mwenyewe alikuwa dereva wa garimoshi la mizigo, na ukuta mzima wa sebule aliupanga vizimba vya mbao na waya alivyovigongelea kwa mkono wake. Mgeni akija hukalia stuli, maana kochi lina kizimba juu yake.

Lakini kazi ilikuwa ya nani? Dereva wa treni yuko safarini, leo Nakuru, kesho Mombasa. Aliyechemsha yai na kulivunjavunja ni Kathini. Aliyekatakata sukuma wiki, aliyeparura kinyesi, aliyefunika vizimba kwa leso zake mwenyewe baridi ya Julai ilipouma, ni Kathini. Alipoolewa aliwaona ndege wale kero tupu. Baadaye, wacha tu, akawa anamjua kila mmoja kwa sauti yake.

Muoki alikuwa na sheria moja. Jike akitaga, siku zikipita, Muoki huinua mayai yake mojamoja na kuyamulika kwa tochi. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myekundu mle ndani. Yai tupu hung'aa tu. Jike akitoa mayai matupu mara mbili, Muoki humtoa kizimbani, humpinda shingo kwa vidole viwili, humtupa kwenye karai la taka na kurudi kunywa chai yake kabla haijapoa.

"Jike asiyezaa anakula tu," husema. Halafu humtazama mke wake. Kukiwa na wageni ndiyo hufurahi zaidi. "Huyu wangu bahati yake hana manyoya."

Na wageni walicheka! Wanaume wazima, watu wa kanisa, wanakunja chapati ya Kathini huku wanacheka.

Dume la fahari nyumbani mle liliitwa Mkubwa. Alikuwa na kifua kipana na sauti ya kukufanya usahau ulichotumwa. Muoki alimpa Mkubwa jike baada ya jike, na jike baada ya jike akaishia kwenye karai. Siku moja Kathini alithubutu kuuliza kama huenda tatizo ni dume. Muoki alicheka hadi chai ikamtoka puani. "Dume anayeimba namna hii? Kathini, nyamaza."

Vivyo hivyo nesi wa kliniki alipomwambia Kathini, "Wewe mama huna shida yoyote, mlete mzee naye apimwe," Muoki alisema hana muda wa kuchezewa na watoto wa juzi. Kathini akarudi kwenye dawa za mitishamba zilizomtapisha, na kwenye maombi ya kufunga, ambako aliwekewa mikono kichwani na watu wasiojua hata jina lake.

Kisha Ndeti akatuma neno. Baada ya mavuno angekuja na mjomba Kiilu kuzungumza habari ya iweto. Kwa Wakamba, mwanamke asiyezaa anaweza kumuoa msichana, amlete nyumbani, na watoto watakaozaliwa wahesabiwe kuwa wake yeye aliyeoa. Huyo msichana ndiye iweto. Ni mila, na wapo walioishi nayo vizuri. Lakini Kathini alimjua mume wake. Alijua siku msichana akiingia na tumbo likaonekana, yeye atahamia jikoni na ndege wake, na hapo jikoni ndipo atakapozeekea. Nyumba yake ingempotea huku amekaa ndani yake.

Wakati huo Mkubwa alikuwa na jike mwingine, mdogo, mwenye madoa ya kijivu mgongoni. Mayai yake ya kwanza yalikuwa matupu. Akakusanya tena pamba na nyuzi, akajenga kiota upya, kiumbe asiyejua kinachomngoja. Kathini alimtazama akachoka kabisa na dunia. Akasema moyoni, huyu hafi. Wengine niliwaacha wafe kwa woga wangu, huyu hafi.

Ulikuwa mwaka ule wa mvua ya El Niño. Maji yakaharibu reli, na Muoki akakwama huko mbele na mabehewa yake. Kathini akamtia Mkubwa kwenye kikapu chenye kifuniko, akavuka matope mpaka Kaloleni kwa rafiki yake Nerima, mke wa Wakoli. Wakoli alifanya kazi kiwandani na alikuwa na ndege wachache. Dume lake alilinunua kwa mchuuzi wa Majengo, na Muoki alipoliona alilitukana mchana kutwa. Takataka ya Majengo, alisema, ndege wa kuokota.

"Niazime dume lako," Kathini alimwambia Nerima.

Nerima alikuwa mtu wa mzaha, mdomo wake hauna kufuli. "La manyoya ama lile lililoko kazini? Chukua yote mawili, dada. Hilo la kazini linakula sana."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kathini akarudi na takataka ya Majengo kikapuni. Mvua ikanyesha, Muoki akazidi kukwama, na yule jike wa madoa akaanza kutaga. Reli ilipotengenezwa, Mkubwa alikuwa amesharudishwa mahali pake anaimba kama mwenye nyumba, na la Wakoli liko kwao Kaloleni.

Muoki alipomulika mayai alipiga ukelele majirani wakadhani nyumba inaungua. "Njoo uone! Njoo uone damu hii!" Kathini akaja, akaona ile mishipa myekundu, akakaa chini sakafuni. Mume wake alidhani ni furaha. Vifaranga wakaanguliwa wanne, vipara, midomo wazi, na Muoki akazunguka mtaa mzima akisifia damu ya Mkubwa. Alimwalika hadi Wakoli aje kuona ndege wa maana wanavyozaliwa. Wakoli, maskini, aliyejua siri ya kikapu, akaja akasifia.

Jumapili ile Ndeti na mjomba Kiilu walipofika, Muoki hakuwangoja hata wavue makoti.

"Mjomba, tazama. Watu walisema dume hili bovu. Dume lilikuwa zima siku zote! Lilikosa jike wa maana tu." Akamgeukia Kathini aliyekuwa ameshika birika. "Na mimi shida yangu ni hiyohiyo."

Mjomba Kiilu akacheka kwa adabu. Ndeti hakucheka. Aliweka kikombe chini akasema yaliyomleta. Msichana yupo, wa watu wazuri, amemaliza darasa la nane. Kathini amuoe, awe iweto wake, watoto wamwite mama. "Tunakuondolea aibu, mwanangu," alisema. "Hatukufukuzi."

"Na atakayezaa naye ni nani?" Kathini akauliza.

"Ala! Swali gani hilo?" Mjomba akashtuka. "Mume si huyu hapa?"

"Mimi nina nguvu ya kulisha wawili," Muoki akasema, akijipigapiga kifua. "Mmoja akae na ndege, mwingine afanye kazi."

Kathini hakupanga kusema. Lakini maneno yakatoka yenyewe.

"Vifaranga hawa si wa Mkubwa."

Muoki akamtolea macho.

"Ni wa dume la Wakoli. Lile la Majengo. Nilimwazima ulipokwama, nikamrudisha kabla hujafika. Jike ni yuleyule, chakula ni kilekile, kizimba ni hikihiki. Nilichobadilisha ni dume peke yake." Akaliweka birika chini. "Majike wote uliowapinda shingo, Muoki, hawakuwa na kosa. Hata mmoja."

Kathini alikaza shingo akingoja kofi. Muoki aliinuka, akampita, akafungua kizimba cha Mkubwa, ndege aliyempenda kuliko mtu yeyote nyumbani mle. Akampinda shingo. Hakumtupa kwenye karai, alimdondosha pale pale miguuni pa mama yake. Kisha akatia mkono kwenye kiota cha vifaranga na kufumba ngumi. Jike wa madoa alijigonga kwenye waya, akajigonga, akajigonga, na Kathini akasikia sauti inatoka kinywani mwake mwenyewe, "Woi, woi, Muoki, woi."

"Ni ndege tu!" mjomba Kiilu alikuwa akisema, kofia tayari iko kichwani. "Muoki, kijana wangu, ni ndege tu! Hasira ya nini?" Akatoka nje kuvuta hewa na hakurudi.

Ndeti alimshika Kathini mkono, akamvuta jikoni, akafunga mlango. Uso wake ulikuwa mkali.

"Nani alikwambia?"

"Nini, Mama?"

"Usinichezee, mtoto wewe. Ndege ndege, dume dume, mbele ya ndugu yangu! Unadhani sikuelewa ulipokuwa unalenga? Nani alikwambia habari ya yale machubwichubwi? Ni mdogo wangu Kavata? Ni yeye peke yake tuliyekuwa naye daktari alipotuambia."

Kathini aliegemea ukuta. Kwa jina la Mungu, alikuwa akisema habari ya ndege. Alikuwa akimtetea jike mmoja mdogo mwenye madoa, basi. Akanyamaza tu, na Ndeti akadhani ule unyamavu ni ukaidi, akaendelea kumwaga.

"Alikuwa kijana wa shule. Mashavu yakavimba, kisha uvimbe ukamshuka huko chini. Daktari alisema akipona asitegemee mtoto. Sasa ulitaka tufanye nini? Tumtangaze barabarani?"

"Yeye mwenyewe anajua?"

"Angekosaje kujua? Alilia hadi nikamfungia ndani nikihofia atajidhuru."

Kumbe. Kumbe alijua. Kila alipomulika yai na kumtazama mke wake, alijua. Kila alipomchekesha mgeni, alijua. Kathini alizikumbuka zile dawa, akazikumbuka zile asubuhi za kutapika ndani ya karai huku mume wake amesimama mlangoni akimwambia ajikaze, ameze zote.

"Mlinioa mkijua," akasema.

"Tulikuoa kwa sababu ulikuwa mpole." Ndeti alilisema hilo bila hata kuona haya, kama mtu anayesifia mbuzi. Kisha akalainisha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Iweto atawasitiri nyote wawili. Kuna kijana wa kaka yangu, mtulivu, hana mdomo. Msichana atazaa, watu watajua ni mtoto wa Muoki, nawe utaitwa mama. Nani ataumia hapo?"

"Basi muoe wewe, Mama."

"Nini?"

"Huyo msichana. Muoe wewe. Awe iweto wako, akuzalie wajukuu unaowataka. Mimi yamenitosha."

Akafungua mlango. Muoki alikuwa amekaa kwenye stuli ya wageni, vidole vimegandwa na manyoya, Mkubwa bado yuko sakafuni. Alikuwa amesikia yote, milango ya nyumba za reli haizuii neno. Kathini akapita hadi chumbani, akachukua koti lake na kitambulisho, akatoka. Akamtoa yule jike kizimbani, akamfunga ndani ya leso kwa utaratibu, kichwa nje.

Ndipo Muoki akaongea. Hakusema pole. Hakumwambia asiende. Jasho lilikuwa linamtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue hapo mtaani sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nerima anajua?"

"Anajua habari ya ndege," Kathini akasema, akivaa viatu. "Hiyo nyingine ndiyo naenda kumwambia sasa hivi."