Mama Naila Kavuka

Simu ilimkuta Elina kwenye kiti changu, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka. Alisikiliza, akasema ndiyo, akasema ndiyo tena, kisha akaziba simu kwa kiganja na kututazama.

"Ni ofisi ya ustawi wa jamii. Wananiita mimi na baba Naila. Wanasema ni ushauri na usuluhishi wa wazazi."

Saluni yangu ipo Sogea, chumba kimoja tu, lakini hakipungui watu. Wa kusukwa ni mmoja, wa kumsindikiza watatu, na wengine wamekuja kukaa tu kwa kuwa nje kuna vumbi la malori. Siku hiyo wote walinyamaza hadi Elina akakata simu. Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Marita, anayeuza samaki wakavu mlangoni kwangu.

"Nani kalipeleka jina lako huko?"

"Zahoro."

"Basi kesi imeisha. Anayetangulia ndiye anayesikika."

"Siyo kesi, Marita. Yule dada kasema ni mazungumzo. Tena bure."

"Bure?" Marita aliweka chini sinia la samaki. "Tunduma hii? Hata choo cha stendi siyo bure. Mtu akikwambia bure, jua mwenzako ameshakulipia."

Tukacheka, lakini Elina hakucheka. Aliniambia nimalize kichwa haraka.

Elina na Zahoro walianza kuishi pamoja Naila akiwa tumboni. Zahoro ni mtu wa Tanga, ana Fuso linalobeba mahindi kutoka Itaka na Hasamba. Elina ni Mnamwanga wa hapa hapa, anauza vitenge, na mama yake mzazi anaishi Nakonde, ng'ambo, upande wa Zambia. Kwetu ng'ambo siyo safari. Unakwenda kuomba chumvi na kurudi. Mwaka jana walishindwana, Zahoro akahamia Majengo, na Naila, ambaye yuko darasa la kwanza, akabaki na mama yake. Mambo yalikuwa yanakwenda, hadi dada yake Zahoro, Stumai, alipokuja kutoka Tanga na mabegi makubwa. Tangu hapo Zahoro akaanza kusema mtoto ahamie kwake.

"Wifi yangu hakuja kusalimia," Elina alikuwa akisema. "Amekuja kubeba. Siku moja nitakwenda shuleni niambiwe Naila kapanda basi la Tanga."

Hofu yake ilikuwa hiyo tu. Mengine yote yalizaliwa humo.

Nilimsindikiza yeye na Naila. Tuliwakuta wameshakaa kwenye benchi la nje, Zahoro kwenye kona moja na Stumai ubavuni mwake, baibui limepigwa pasi.

"Hujambo wifi," Stumai akasema.

"Sijambo wifi. Naona umependeza. Safari?"

"Safari ya wapi tena?"

"Wewe ndiye unayejua."

Mlango ukafunguka, akatoka mwanamke wa makamo mwenye mwanya, amevaa sweta la kijivu na raba. Alijitambulisha kwa jina la Tabita, afisa ustawi, kisha akasema anawataka wazazi peke yao. Stumai akabaki nje na mimi na Naila. Tulikaa kwenye benchi moja kama abiria wasiojuana, kila mmoja akinyoosha sikio kwenye ule mlango.

Elina alinisimulia njiani tunarudi. Zahoro alisema anaogopa. Alisema mama Naila ana ndugu wote ng'ambo, akiamka vibaya atavuka na mtoto, na yeye hatajua pa kuanzia kumtafuta. Elina akasema huo ni uongo wa kutengeneza, anayetaka kumtorosha mtoto ni yeye na dada yake. Bi Tabita aliwasikiliza wote, akawatoa, akamwita Naila na kumhoji peke yake mlango ukiwa umefungwa, kisha akasema hatoi hukumu. Kazi yake ni kuwasaidia wakubaliane. Ila kabla ya kikao kingine atapita kuona mtoto anavyoishi, kwa mama na kwa baba.

"Lini?" nilimuuliza.

"Hakusema. Anasema akitaja siku, atakuta nyumba imepambwa."

"Na Naila wamemuuliza nini?"

"Wameniambia nichore," Naila akajibu mwenyewe. "Nikachora. Yule mama akanipa biskuti."

Elina akaniangalia juu ya kichwa cha mtoto. Biskuti! Niliona anavyoipima hiyo biskuti kama sumu.

Siku chache baadaye Judith wa duka la dawa akaja na habari moto moto. Amepita Majengo, amemwona mwanamke mwenye sweta la kijivu kibarazani kwa Zahoro, anakunywa chai, Stumai anamkaribisha maandazi, wanacheka.

"Wanacheka vipi?" Elina aliuliza.

"Wanacheka tu. Hadi mwanya unaonekana."

"Kwangu mbona hajafika?"

Hakuna aliyekuwa na jibu zuri, kwa hiyo tukatoa mabaya. Mmoja akasema hao maofisa wanapenda watu wenye magari. Mwingine akasema Stumai ana ulimi wa pwani, akikuongelesha unajikuta umekubali. Marita akasema yeye angekuwa Elina, angeshampeleka mtoto kwa bibi yake Nakonde kitambo, halafu waje wasuluhishe na ukuta. Elina alisikiliza yote, hakukubali, hakukataa. Kuanzia hapo akawa anamfuata Naila shuleni mwenyewe na kumshika mkono hadi mlangoni.

Sasa lazima niseme jinsi tunavyoishi, maana mtu wa mbali hatatuelewa. Mtaani kwetu akitokea mtu usiyemjua, viatu safi, anauliza nyumba ya fulani, hujibu ukweli. Huenda ni wa ushuru, huenda ni askari, huenda ni mtu anayedai. Wengi wetu tuna kitu kidogo kilichovuka mpaka bila kupiga hodi. Jibu letu ni moja, na watoto wanalijua: huyo kavuka, siku hizi yuko ng'ambo. Aliyeuliza anaguna, anageuza, maisha yanaendelea. Tumesaidiana hivyo miaka mingi na hakuna aliyeshukuru kwa maneno.

Basi Alhamisi Elina yuko sokoni na vitenge vyake, Naila yuko shule, akaja mwanamke pale mlangoni. Mimi nilikuwa nimeinamia kichwa cha mteja kutoka Nakonde, aliyekuwa ananilalamikia kwa Kibemba kuwa navuta sana. Nilisikia tu sauti.

"Habari za kazi. Naulizia nyumba ya Elina. Mama Naila."

"Mama Naila?" Marita akajibu, sauti imejaa huruma ya kubuni. "Umechelewa, dada yangu. Kavuka. Yuko ng'ambo kwa mama yake."

"Na mtoto?"

"Na mtoto. Na vyombo. Hata kuaga hakuaga."

"Ni kweli," wenzake wakaitikia ndani. "Alihama."

Yule mwanamke akashukuru kwa adabu na kuondoka. Marita akaingia ndani akipangusa mikono, tukampigia makofi. Wa ushuru yule, tulisema, kafuata vitenge.

Elina aliporudi jioni na Naila, Marita alimpokea kama mtu aliyemwokoa kwenye moto. "Leo ungekuwa umenyang'anywa mzigo! Kaja mama mmoja, nimemmaliza."

"Mama yupi?"

"Wa kawaida. Sweta, raba."

"Sweta rangi gani?"

Marita akatutazama. Nadhani wote tulifika mahali pamoja kwa wakati mmoja.

"Ana mwanya?" Elina aliuliza.

"Nilidhani wa ushuru..."

"Marita! Ana mwanya?"

"Anao."

Elina alikaa kwenye kiti cha wateja, kitenge kikamteleza begani, hakukiokota. Yale ambayo Zahoro aliyasema ofisini, mtaa mzima ulikuwa umeyathibitisha. Akachukua simu, akapiga namba ya ofisi, haikupokelewa. Akapiga tena.

"Sikiliza," Marita akasema kwa sauti ya chini. "Maji yameshamwagika. Kesho watakuja kumchukua mtoto na polisi. Vuka kweli. Sasa hivi, kabla hawajafunga mpaka. Mimi nitakubebea begi."

Na Elina alisimama. Nawaambia alisimama, akamshika Naila mkono, akatazama upande wa mpaka. Naila akauliza, "Tunakwenda kwa bibi?"

"Nikivuka," Elina akasema polepole, "nitakuwa nimemshindia Zahoro kesi yake." Akageuka. "Tunakwenda ofisini. Na wewe Marita unakwenda. Ulichokisema utakimeza mwenyewe mbele yake."

Tuliondoka na bajaji mbili, maana habari kama hiyo haiendi na mashahidi wachache. Bi Tabita alikuwa anafunga mlango. Alipomwona Naila aliegemea ukuta, akashusha pumzi ndefu, kisha akachukua simu yake. "Baba Naila, wapo hapa. Ndiyo, na mtoto. Njoo."

"Umeshampigia?" Elina akauliza. "Umeshamwambia kabla ya kunitafuta mimi?"

"Simu yako imezimwa tangu asubuhi, dada."

Elina akatazama simu yake. Sokoni huwa anaizima ili chaji isiishe. Hilo nalijua, lakini Bi Tabita angelijuaje? Na bado nilimwona Elina anamtazama yule mama kwa jicho la pembeni, kama anasubiri kitu kingine kidondoke.

Ofisi ikafunguliwa tena, tukaingia, Marita akasukumwa mbele. "Mimi ndiye niliyesema, afisa. Hajavuka popote. Ni mazoea tu. Mtu tusiyemjua akiuliza mtu wetu, tunasema kavuka."

"Wote?"

"Wote. Hata mimi ukiniulizia, utaambiwa nimevuka."

"Mimi nimekulia Ruanda, kule Mbozi," Bi Tabita akasema. "Kwetu mgeni akiuliza nyumba anapelekwa hadi mlangoni."

"Kwenu hakuna mpaka," Marita akajibu. Bi Tabita akashindwa kuzuia mwanya wake.

Zahoro aliingia akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Hakumsalimu mtu. Alipiga magoti mbele ya Naila, akamshika mabega, akamgeuza huku na huku kama anatafuta mahali palipovunjika. Kisha akainuka na kumkabili Elina.

"Shuleni nimeambiwa umeshamchukua. Tangu mchana niko pale mpakani. Kila mtoto mwenye sare ya shule namshika begi, namgeuza uso. Wenye watoto wamenitukana, wengine wakataka kunipiga. Unajua hilo?"

"Sikuvuka, baba Naila."

"Mtaa mzima unasema umevuka!"

"Mtaa wangu ulikuwa unanilinda."

"Na mimi nani ananilinda?"

Miezi yote hiyo Elina aliamini Zahoro anaigiza hofu, kwamba hofu ni kisingizio na nyuma yake kuna basi la Tanga. Sasa mtu alikuwa mbele yake, midomo imekauka, mkono mmoja umeng'ang'ania begi la mtoto.

"Dada yako na yale mabegi?" akauliza hatimaye. "Alikuja kumchukua mtoto, sema."

"Stumai kaachika, Elina. Mabegi ni maisha yake yote. Hakutaka mjue."

Sisi wa mlangoni tukatazamana. Habari kubwa hivyo ilitupitaje?

Bi Tabita akatutoa nje sote, akabaki na wazazi, na safari hii akafunga na dirisha. Walikaa hadi taa za malori zikawashwa barabarani. Walipotoka walikuwa wamekubaliana: Naila anabaki kwa mama yake, mwisho wa wiki mmoja ni wa mama, unaofuata ni wa baba, na hakuna mzazi atakayempeleka mtoto nje ya mji, iwe Tanga au Nakonde, bila kumwambia mwenzake kwanza. Bi Tabita akasema ataendelea kupita. Hakutaja siku.

"Kwa hiyo sasa unaomba ruhusa kwenda kwa mama yako mzazi?" Marita alimchokoza kesho yake.

"Siombi. Nataarifu."

Alitaarifu kweli, mbele yetu. "Baba Naila, Jumamosi navuka na mtoto kwa bibi yake. Jioni tunarudi." Akasikiliza. "Na mtoto tu. Hapana, hakuna mwingine. Nimesema hakuna!" Akasikiliza tena. "Haya, zungumza naye." Akampa Naila simu.

Jumamosi hiyo jioni, wakirudi, walimkuta Stumai amesimama upande wetu wa mpaka na kikapu.

"Wifi, unafanya nini hapa?"

"Nanunua nyanya."

"Umeziacha nyanya zote za Majengo ukaja kununua mpakani? Kaka yako kakutuma."

"Hajanituma. Nimekuja mwenyewe."

Wakaongozana hadi Sogea, Naila katikati, na Stumai akaingia saluni kwa mara ya kwanza. Tulimpa kiti. Alisema nywele zake hazijaguswa tangu Tanga, nami nikaanza kuzifumua. Elina alikaa mkabala naye, akimtazama kwenye kioo.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya baba, Naila akaenda kwake. Ilipofika adhuhuri Elina akafunga vitenge viwili kwenye mfuko, akaita bajaji, akasema anampelekea mteja Majengo. Hatukumuuliza mteja gani. Marita alimwekea mfuko kwenye bajaji na kumwambia apite taratibu, asionekane.