Amplifaya Iliyonyamaza Makaburini

…penseli tena, ting, anagonga taa ya kwanza polepole kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa, Onésphore huyu fundi Mkongo wa Kakuma, nami nimemshikia tochi, sikusoma lakini hizi taa za kioo nazijua, amplifaya ya zamani bila hizo haitoi sauti, mume wangu Elijah alizipangusa miaka ishirini na saba pale kanisani Lodwar, kwa leso yake, hakumwachia mtu… ting… ya pili inakwaruza kwenye spika, kraa, ndiyo hiyo hiyo kraa ya siku ya mazishi, mwaka jana, mwezi wa nane, mchungaji amenipa maikrofoni nimuage mzee, nafungua mdomo, kraa, halafu kimya, naongea na upepo, na Shiko, dada yake mzee, kando yangu, hata hakunong'ona, alisema wazi, “Ona, amekukataa. Hataki maneno yako,” na watu wote walijua tuligombana asubuhi ile aliyoanguka, aliomba chai nikamjibu, kwani jiko unalijua wewe au hulijui?, nikatoka, na nilichotaka kusema pale kaburini ni hicho tu, nisamehe ile chai, baba Byron… miezi saba nimelala na neno la Shiko… “Mama, haiyakufa hii,” Onésphore anasema, “taa inalegea tu, angalia, inacheza kwa nyumba yake,” anaing'oa, anabana vile vishikio vya ndani kwa sindano, anairudisha, “mlibeba namna gani?”, kwa pikapu, nikamwambia, barabara ya mawe mpaka makaburini, “na kule mliiweka juu ya kiti?”, hapana, juu ya spika, na anacheka, Mkongo huyu, “Aa, mama! Juu ya spika? Spika inatikisa, taa zinatoka moja moja!”… juu ya spika, ndiyo, na nani alisema ipandishwe pale, si mimi?, vijana walitaka kuiweka chini mchangani nikawaka, chombo cha mzee kisikae kwa vumbi siku yake kama sufuria ya mtu yeyote, na wakati wa nyimbo zote zile ilikuwa inarukaruka hapo juu nikiiona, nikiona imeketi kwa heshima… basi hakunikataa… ni mimi, ni huu mkono, si marehemu, wala si Mungu, Shiko ni mdomo tu… ting, sasa taa ya tatu, bado ziko mbili, “tochi, mama, tochi,” haya, nainua… na angekuwa hapa angenipa yangu mbele ya fundi, namsikia kabisa, Nyakio, mara ngapi nimekwambia, amplifaya na spika kila moja na meza yake, wewe mwanamke una kichwa kigumu kama jiwe la Kapedo, na mimi kila siku nilimrudishia mawili kwa moja, leo hapana, leo nimenyamaza, gomba, baba Byron, gomba mpaka uchoke, mke wako anakusikiliza…