Mafuta Yaliyobaki Mkobani

Shangazi Akyaamaa alimfukuza mama yangu kwa sababu ya harufu. Juzi aliniita mimi niiondoe.

Aliyemwita ni fundi bomba tu. Hakujua kwamba yule fundi mwanamke anayesifiwa na majirani ni mtoto wa kaka yake. Alipofungua geti la nyumba ya ukoo pale Kumasi akaniona na mkoba wa vifaa, alinitazama kuanzia viatu.

"Fosuaa. Kumbe umekuwa mtu wa vyoo."

"Ndiyo, shangazi. Na wewe umekuwa mtu wa kunihitaji."

Baba alipofariki, wazee walifunga chumba chake mpaka mrithi apatikane, kisha wakagombana kuhusu mrithi karibu miaka miwili. Harmatani ya kwanza, upepo mkavu wa jangwani, ilipovuma ikikausha midomo na mbao za milango, uvundo wa choo ukaanza kutoka chini ya mlango ule. Shangazi akatangaza uani kwamba mama amemwaga uchafu kuulaani ukoo. Mama akaondoka na sanduku moja. Mvua ziliponyesha harufu ikakatika, nao wakapata ushahidi wao. Mpaka leo wali wa maharage anaouza mama unalala sufuriani. Watu wanaogopa mkono wake.

Sasa harmatani imerudi na harufu imerudi, wakati mama hayupo. Mrithi anasimikwa baada ya wiki tano.

Nilikagua chemba ya maji taka ya nje, ilikuwa safi. Sinki la jikoni halikuwa na neno. Nikaomba ufunguo wa chumba cha baba. Wanawake waliokuwa wakitwanga fufu wakaacha michi, wakatufuata.

Bafuni kwa baba, tundu la sakafuni lilikuwa limejaa vumbi. Chini yake bomba lina kona ambamo hukaa maji, na maji hayo ndiyo huzuia hewa ya karo la choo isipande. Hakuna aliyeoga humo tangu msiba, na upepo ukayanywa. Juu, dari lilikuwa na doa kubwa: kila masika mvua ilivuja ikaijaza kona ile.

Niliwaeleza wote, polepole. Kisha nikashika ndoo.

"Shangazi, sema mbele ya hawa kwamba mama yangu Dufie hakufanya kitu."

"Nimekuita uzibue, hukuitwa kuhukumu."

"Neno moja tu, shangazi."

"Mwaga maji yako uende."

Nikamwaga. Tukafungua dirisha, na kabla fufu haijapoa uani chumba kilinuka vumbi tu. Mwanamke mmoja alicheka puani. Shangazi akafunga mlango, akatia ufunguo kifuani, akasema desturi ni desturi, hakuna kuingia tena hadi siku ya mrithi.

Mkobani nilikuwa na chupa ya mafuta ya kupikia. Kikombe kimoja juu ya maji yale kingeyafunika yasikauke hadi mvua. Huwa namwekea kila mteja wangu bila kuombwa.

Nilifunga zipu ya mkoba, chupa ikiwa ndani.

Kwa upepo huu, maji yale yatadumu wiki nne tu. Ya tano wageni watakaa ukumbini na nguo zao za kente, na shangazi atachagua: aidha abebe ndoo mwenyewe mbele ya macho yao, akiri kwamba kasoro ilikuwa maji tu, au awaache wanuse.

Vyovyote vile, nitampeleka mama aketi mstari wa mbele.