Upande wa Pili wa Reli

"Wapi?" aliuliza karani wa tiketi bila kuinua macho.

"Mwisho wa reli, mama."

Mkono wa karani ukasita juu ya mashine. Binti yake alikuwa amepanga foleni kama abiria yeyote, begi begani, maana hakukuwa na njia nyingine ya kumfikia mama kazini. Anakwenda kuanza chuo cha uuguzi, miaka mitatu. Karani alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja tu amsindikize. Msimamizi akamwambia dirisha halina mtu mwingine wa kukaa.

Chumba hicho zamani kilikuwa stoo ya maziwa. Kituo kilijengwa wakati huku kote ni mashamba, kikiwa na reli moja na jukwaa moja. Mji ulipokifikia, ikaongezwa reli ya pili na jukwaa la pili ng'ambo, na stoo ikatobolewa dirisha upande wa barabarani. Upande wa reli ukabaki ukuta mtupu. Miaka kumi na saba karani amezisikia treni zikitikisa kikombe chake cha chai, akajua kwa mlio ipi ya mjini na ipi ya nje, lakini akiwa kazini hajaona hata moja ikiondoka.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Sweta?"

"Lipo."

Mtu wa nyuma akakohoa, akasema treni haimsubiri mtu. Karani akapitisha tiketi chini ya kioo. Binti akavishika vidole viwili vya mama yake, kisha foleni ikamsukuma pembeni.

"Jukwaa la pili," mama akasema, kama anavyowaambia wote.

Akahudumia watu watatu. Wa nne, mzee mwenye kofia, akairudisha tiketi yake taratibu. "Mwanangu, mimi nakwenda mjini. Hapa umeniandikia mwisho wa reli."

Karani akaitazama ile karatasi. Kisha akaliteremsha dirisha na kutoka.

Zamani watu walivuka reli kwa hatua nne. Baada ya ajali, ikawekwa senyenge, na sasa njia ni moja tu, daraja la chuma mwishoni mwa jukwaa. Alikimbia, kandambili zikimpiga visigino, akazipanda ngazi huku treni ikiingia. Alipofika katikati ya daraja, treni ikaanza kuondoka chini yake. Hakuona madirisha. Aliona mapaa ya mabehewa tu, yakipita moja baada ya jingine, naye akayapungia mkono yote mpaka la mwisho.

Daraja likaacha kutetemeka. Chini, foleni ilikuwa bado imejikunja kuelekea barabarani, na mtu mmoja akigonga dirisha kwa kiganja. Msimamizi alitoka ofisini, akakinga jua kwa mkono, akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakutazama juu. Karani alishika ukingo wa daraja, chuma kimeshapata moto wa jua, na upande wa mjini treni nyingine ikapiga honi.