Umekuja Kuona Bendi Gani?

Ngazi za kushukia ukumbi wa muziki wa chini ya ardhi, pale mtaa wa Koenji, zilikuwa zilezile: nyembamba, zimebandikwa matangazo juu ya matangazo mpaka ukuta umenenepa. Chizuru alishuka polepole, maana magoti ya miaka hamsini na minane si ya kuchezea. Harufu ya jasho, bia na unyevu ikampokea. Loo! Moyo ulimwenda mbio. Hapa ndipo alipopiga ngoma miaka tisa katika bendi ya Kutu, na raha aliyoipata humu hakuipata tena popote.

Hapa pia ndipo alipomkimbia Itsuko, mwimbaji wao, waliyekuwa naye chanda na pete. Mama yake Chizuru aliugua kule kwao Niigata, naye Chizuru akapanda treni siku moja kabla ya ziara yao, bila kuaga wala kuacha barua. Sasa ni miaka ishirini na saba. Jumapili hii mchana Kutu walikuwa wanapiga kwa mara ya mwisho, na Chizuru alikuja kwa jambo moja tu: kuomba radhi, kama atapokelewa.

Mlangoni, msichana mwenye nywele za kijani akamwuliza swali la siku zote.

"Karibu mama. Leo umekuja kuona bendi gani?"

Swali jepesi, jamani! Unataja jina, unatiwa alama kwenye karatasi, na kila bendi inajua imeleta watu wangapi. Lakini Chizuru alimsikia Itsuko akicheka humo ndani, kicheko kilekile, na ujasiri wote ukamwisha.

"Hawa... Panya wa Jumatatu," akasema, akisoma jina la kwanza aliloliona ukutani.

"Panya?" Msichana akamtazama juu mpaka chini. "Wewe ni bibi yake mpiga besi?"

"Shangazi," akadanganya tena.

Panya walipiga fujo tupu. Chizuru alisimama nyuma kabisa akicheka peke yake, vidole vikigonga paja. Ndivyo walivyokuwa wao zamani, hawajui kitu, hawaogopi kitu, bakuli moja la tambi watu watatu! Aliitamani hata ile njaa.

Kisha Kutu wakapanda jukwaani. Itsuko akashika maikrofoni.

"Nimepita mlangoni kutazama karatasi," akasema. "Miaka thelathini na sita tunapiga, na leo tunajizika, waliokuja kwa jina letu ni wawili. Mume wangu na daktari wangu wa meno."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Aibu ilimshika Chizuru mpaka masikio yakawaka. Kweli njia ya mwongo ni fupi.

"Watatu!" akapayuka. "Nilidanganya mlangoni, Itsuko! Niliogopa! Mimi si shangazi wa mtu!"

Itsuko akakinga mwanga wa taa kwa kiganja, akatafuta gizani.

"Chizuru? Mjinga mkubwa wewe! Miaka yote hii nakutungia matusi, leo yamenipotea!"

"Nisamehe."

"Njoo mbele kwanza. Usijifiche huko kama jini. Matusi baadaye."

Watu wakampisha mpaka akafika ukingo wa jukwaa. Mpiga ngoma mgeni akagonga vijiti, wimbo ukalipuka, na hapo Chizuru akatambua jambo ambalo hakuwahi kuliwaza. Miaka tisa alikaa nyuma ya ngoma zake, akijua kisogo tu. Hakuwahi hata siku moja kumwona Itsuko uso akiimba. Uso ulikuwa umekunjamana, umelowa machozi, na ulikuwa unamtazama yeye.