Machicha ya Mwanga

Jumanne ya tarehe 8 Oktoba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mbingu juu ya Kolo ilikuwa nyeupe kwa jua, haina wingu hata la kusingizia, na upepo wa mashariki ulikuwa ukipukuta vumbi jekundu kutoka vilimani. Ndipo Batholomeo Mhogolo alipoteremka garini, akafunga kifungo cha juu cha shati lake, kisha akafungua sanduku la droni. Joto halikumfanya alegeze kola. Alisoma shule ya bweni, akawa kiranja mkuu, na tangu hapo alijihesabu miongoni mwa watu wachache waliobaki katika nchi hii ambao kazi yao haihitaji kukaguliwa.

Mradi wa kufukua malambo ulikuwa umemwajiri apige picha za video za malambo saba. Yale yaliyojaa tope kupita kiasi yangefukuliwa kabla ya masika. Mengine yangesubiri mwaka ambao hakuna aliyeutaja. Wakubwa wa mradi wangeamua wakiwa Dodoma mjini, mbele ya ukuta mweupe, kwa kutazama alichopiga Batholomeo.

Mwenyekiti wa kamati ya maji ya kitongoji, Bi Mwanahawa, alikuwa amekwisha fika. Alikaa juu ya jiwe, ushungi umefungwa vizuri, kidumu cha maji kikiwa miguuni pake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tuliambiwa anakuja mwenye ndege. Ndege yenyewe ndiyo hii inayoenea kapuni?"

"Ni ndogo, lakini inaona mbali."

"Hata kunguru anaona mbali. Haya, irushe tuone."

Batholomeo alitoa kijaluba chenye vioo vya duara, kila kimoja kidogo kama kifungo cha koti, akavipanga juu ya kitambaa. Mwanamke yule akainama kuvitazama.

"Na hivi?"

"Vichujio, mama. Naivisha kamera kabla haijaruka, kwa sababu ikishakuwa angani mkono haufiki. Hiki ni cha giza tu, kama miwani ya jua. Bila hiki jua hili litaunguza picha. Hiki kingine kinatia giza kidogo tu, lakini kinakata mng'ao wa juu ya maji. Vyote kazi yao ni kuchuja mwanga."

"Kuchuja." Bi Mwanahawa alilitafuna neno lile. "Mimi nikichuja chai, majani yanabaki kwenye chujio. Nikichuja nazi, yanabaki machicha. Wewe ukishauchuja mwanga, machicha yake unayamwaga wapi?"

Batholomeo alitabasamu kama mwalimu aliyeulizwa swali lisilo kwenye somo. "Mwanga hauna machicha, mama."

"Haya. Labda huo wenu."

Upepo ukavuma, vumbi likatua juu ya kioo cha kukata mng'ao na kushikamana na mafuta ya kidole chake. Kukipangusa kikavu kungekikwaruza, na chupa yake ya kusafishia ilikuwa imesahaulika nyumbani, Nkuhungu. Kabla hajasema lolote, Bi Mwanahawa alikuwa ameinamisha kidumu. Maji yale aliyateka alfajiri kwenye kisima cha kijiji cha pili, akayabeba kichwani mlima mzima; sasa aliyamimina juu ya kioo, polepole, mpaka kikatakata.

"Nitakulipa, mama."

"Usinitolee pochi. Utanilipa kwa picha. Wakubwa waone tunachokunywa."

"Nimekupa neno langu," alisema Batholomeo, naye neno lake hakuwa na desturi ya kulitoa ovyo.

Aliivisha kamera kioo kile, akaielekeza lamboni, akaizungusha pete ya kioo taratibu huku macho yake yakiwa kwenye skrini, hadi mng'ao ulipokufa. Droni ikapaa. Lambo likajianika lilivyo: maji ya kufika kifundo cha mguu, chini yake tope la rangi ya ngozi mbichi, nyayo za ng'ombe, na tairi kuukuu lililozama nusu. Ilikuwa picha ya kweli, nayo ilikuwa mbaya. Ilimuudhi kama daftari chafu la mwanafunzi.

Akaishusha, akatoa kioo kile, akaweka kile cha giza tu, akairusha tena kwa upande uleule. Safari hii maji yalijaa anga. Lambo zima likawa samawati, mawe makubwa ya kando yakajitazama humo, na kivuli cha mwewe kikapita katikati kama kilichoagizwa.

"Sasa hii ni picha," alisema.

Bi Mwanahawa alichungulia begani kwake. "Haya maji ya wapi?"

"Si haya haya, mama."

"Aa, hiyo ni mbingu. Mbingu hatuchoti."

"Ni urembo tu. Nitapeleka zote mbili."

Hakupeleka zote mbili. Mradi ulimpa dakika moja kwa kila lambo, na jina lake lingeonekana mwishoni mwa filamu. Alipoketi Nkuhungu kuunganisha vipande, alitazama lile tope, akaitazama ile mbingu, akaliona jina lake likipita juu ya tope. Akajiambia kwamba wakubwa ni watu wazima, wanajua lambo la kiangazi likoje. Mkewe, Loisi, alipita nyuma yake na kikombe cha chai, akasema, "Hilo la samawati zuri." Akaliweka la samawati. Hakuandika uongo wala kuutamka. Alichofanya ni kuacha kioo kimoja kijalubani.

Wiki iliyofuata Debora, afisa mipango wa mradi, alimpigia simu akicheka.

"Kaka Batho, umetuua. Watu wamepiga makofi. Lile la Kolo hasa, injinia amesema lile halina shida kabisa, lina maji tele. Limerukwa, tumesonga kwenye yenye matatizo."

"Asante," alisema Batholomeo.

Simu ikakatika. Alikuwa ameshukuru. Mwanamke amemwaga maji aliyoyabeba kichwani ili kioo kitakate, na kioo kilekile ndicho alichokikataa, kisha akashukuru. Jioni ile Loisi alipochuja chai, Batholomeo aliutazama mkono wake ukikung'uta chujio dirishani, majani meusi yakaanguka chini ya ua wa michongoma, naye akasukuma kikombe mbali.

"Imepoa?"

"Hapana."

"Basi unaumwa."

"Siumwi," alijibu, kwa ukali ambao Loisi hakuustahili, na hilo nalo likaongezeka kwenye mzigo.

Alimpigia Debora, akamweleza yote.

"Kaka, sikiliza. Kikao cha kupitisha ni Alhamisi. Nitumie hicho kipande kingine, mimi nitasema kichujio kilikuwa na hitilafu siku ile. Technical issue. Nani atauliza?"

"Kichujio hakikuwa na hitilafu."

"Najua. Ila unataka lambo lifukuliwe au unataka kutubu? Lambo litafukuliwa hata hivyo, na kazi ya mwakani itabaki yako."

Lilikuwa wazo la mtu mwema, ndiyo sababu lilimchoma. Shuleni kwao, kosa lilipotokea, mlezi wa bweni hakuuliza nani kalifanya. Wanafunzi walipangwa mstari paredini, akauliza, "Nani ana neno?" kisha akangoja. Mwenye kosa alitoka hatua moja mbele, akataja jina lake, akataja kosa, asitaje sababu. Wako waliosema taa ilianguka yenyewe, ndoo ilitoboka yenyewe. Hao kiranja mkuu Batholomeo Mhogolo aliwadharau kuliko wezi. Katika miaka yote ile alisimama pembeni ya mstari, mikono nyuma, akiwatazama wengine wakitoka. Yeye mwenyewe hakupata kutoka hata mara moja, na kwa miaka mingi aliiita hali hiyo uadilifu.

"Niombee nafasi Alhamisi," alisema. "Nitakuja mwenyewe."

Alhamisi, ukumbini, aliwaonyesha wakubwa mbingu, kisha akawaonyesha tope. Kiti kimoja kikalia. Aliondoka mezani, akasogea hatua moja mbele.

"Jina langu ni Batholomeo Mhogolo. Picha zote mbili ni zangu, za lambo moja, asubuhi moja. Hii ya pili nilikuwa nayo tangu mwanzo, nami sikuileta."

"Kwa nini?" aliuliza injinia.

Kanuni ya paredi ilikataza sababu. Lakini aliyeulizwa alijibu. "Ile ya kwanza ilinipendeza mimi."

Injinia alivua miwani yake. "Na hayo mengine sita?"

"Yapigwe upya. Gharama ni juu yangu."

"Yatapigwa upya," alisema injinia, "lakini si na wewe." Kisha akamgeukia Debora. "La Kolo lirudi. Lile ni la kwanza kufukuliwa."

Debora alikuwa akitazama meza. Batholomeo alikusanya waya zake, akatoka akiwa na kola iliyofungwa, na nje jua la Dodoma likampiga usoni bila kioo chochote.

Jumamosi alipanda tena kule juu. Bi Mwanahawa alikuwa lamboni na wanawake wenzake, wakichimba vishimo vya kuchujia maji kwenye mchanga wa ukingoni. Alimsalimu, akamweleza yote aliyoyafanya kwa mpangilio wake, pamoja na ile asante aliyomjibu Debora. Mama yule alisikiliza huku akipangusa mikono kwa khanga.

"Kwa hiyo ulikuwa unayajua machicha yako yalipo."

"Nilikuwa nayajua."

Akamwonyesha kwenye simu kile kipande alichokiacha: tope, nyayo, tairi. Bi Mwanahawa alikitazama mpaka mwisho, akawaita wenzake, wakakitazama tena, mmoja akacheka na kusema tairi lile ni la trekta la marehemu mumewe.

"Hili ndilo letu," alisema Bi Mwanahawa, akamrudishia simu. "Deni la maji umelipa."

"Na lile jingine, mama, la kuificha picha?"

"Lile hukukopa kwangu," alisema, akarudi kwenye kishimo chake.