Mguu wa Kusimamia

Wembe ulisimama shingoni mwa mteja, haupandi haushuki. Kinyozi mwenyewe alikuwa anayumba, kidogo tu, kama koti lililotundikwa dirishani.

"Mzee, unanyoa au unacheza?" mteja akauliza, macho kayafumba.

Watu wakacheka. Kinyozi naye akacheka, ila wembe akauweka chini. Binti yake, pale mlangoni, aliona anavyokishika kiti asianguke.

Kinyozi ana mguu mmoja wa bandia, na kautengeneza yeye binti. Ni fundi wa karakana ya miguu, na ana kichwa huyo, acha tu. Kaokota kompyuta kuukuu zilizotupwa na maofisi, kaziunganisha kwa nyaya chumba kizima, zinanguruma utadhani kinu cha kusaga. Kila moja kaipa ukoo wake wa michoro ya miguu. Kompyuta inaijaribu yenyewe kwa hesabu: mchoro wa mguu mzito unafutwa, ndio unakufa. Unaovunjika unakufa. Iliyobaki inaoana inazaa, mtoto anachukua kisigino cha baba na unyayo wa mama. Na koo zote zinazaa kwa mpigo, hakuna anayemngoja mwenzake. Sasa ukoo mmoja ukianza kufanana mno, ndugu tupu, anawaletea mchumba kutoka kompyuta ya jirani. Vizazi kwa vizazi, chai haijapoa! Mtu akae achore kwa penseli, si atazeeka?

Ndivyo ulivyozaliwa mguu ule, mwepesi kama ndala. Njiani kinyozi alikuwa anawapita vijana. Tatizo ni penye kiti cha kunyolea.

Watu walipoondoka, akasema polepole, "Mwanangu, kiti nitamwachia baba yako mdogo. Shingo za watu si za kuchezea."

"Nivumilie kidogo, baba."

Karakanani, mkubwa wake akamwambia zile kompyuta zake za takataka zimekosea, azizime. Binti akakaa akaziangalia zinavyonguruma, mara akajishika kichwa. Hazikukosea hata kidogo. Yeye aliziomba mguu mwepesi, usiovunjika, wa kutembelea. Zikampa. Na baba yake tangu asubuhi mpaka jioni hatembei, anasimama.

Akarudi kibandani kwa baba na utepe wake wa kupimia, akampima baba anavyoinama, anavyouegemea ubavu wa kiti akifika chini ya kidevu. Kisha akaanza koo upya, na sheria moja zaidi: mguu usiotulia, unakufa. Wakafa wazuri wengi. Akaozesha, akaozesha tena, mpaka akatokea mjukuu mmoja mwenye kisigino kipana kama cha bata.

Mguu ulipokwisha kuchongwa kwa mchoro huo, kinyozi akaugeuza mkononi. "Huyu kafanana na nani?"

"Na wewe, baba. Akishasimama, hasogezwi."

Mzee alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Mteja yuleyule akaja. Safari hii hakutania. Alikaa, akainua kidevu, akafumba macho. Kinyozi akajipanga ubavuni mwa kiti, akachukua wembe. Ukasikika wembe ukipanda shingo, kwaru, kwaru.

Povu kidogo likadondoka juu ya kile kisigino kipana. Binti akaliangalia. Likakaa palepale.